Maswali ya wasomaji: Mto ukishapita shambani, unaacha nini?

Masika yakiisha, meza yetu hujaa barua za wanaolima mabondeni. Safari hii tumechagua saba, tumezifupisha, na tumeacha majina.

Shamba langu la ekari tatu liko kando ya Rufiji. Upande wa mtoni udongo ni kichanga, ukiushika unamwagika. Ukiingia ndani hatua kama mia tatu, unakuta udongo mweusi mzito, unanata kwenye jembe na kiangazi unapasuka. Mto ni mmoja, mafuriko ni yale yale. Imekuwaje shamba moja liwe na udongo wa namna mbili? (Msomaji, Ikwiriri)

Ndugu yetu, kinachopanga udongo wa bondeni ni kasi ya maji. Mto uliojaa unabeba mizigo ya aina tatu kwa pamoja: mchanga, silti na mfinyanzi. Silti ni chembe laini kuliko mchanga lakini nene kuliko mfinyanzi. Ukiipikicha kavu kati ya vidole inateleza kama unga wa sembe. Maji yakiwa na nguvu, vyote vitatu vinasafiri. Yakipunguza mwendo, kizito ndicho kinachoshuka kwanza.

Tofauti ya kushuka kwao ni kubwa mno. Katika maji yaliyotulia, punje ya mchanga laini yenye upana wa milimita 0.1 hushuka sentimita 10 kwa sekunde 11 hivi. Silti ya milimita 0.02 huchukua karibu dakika 5 kwa umbali huo huo. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huchukua saa 7 hadi 8. Sasa fikiria maji yanayoruka ukingo wa Rufiji mwezi wa nne. Ndani ya mkondo yalikuwa na kina na kasi. Yakishatoka yanatandazika juu ya nyasi na matete, kina kinapungua, nguvu inakatika. Mchanga unaanguka hapo hapo ukingoni. Mwaka baada ya mwaka unajenga tuta la asili, na ndiyo maana ukingo wa mto mara nyingi uko juu kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Silti inafika mbele kidogo, kwenye mteremko wa tuta. Mfinyanzi unaendelea mpaka kwenye mabonde ya nyuma, ambako maji hutuama kwa wiki kadhaa bila pa kwenda, na huko ndiko unakopata muda wa kushuka.

Kuna jambo la pili. Mto wenyewe hautulii mahali pamoja. Kwenye kona unakula ukingo wa nje na kuweka mchanga upande wa ndani, na siku moja unakata kona yote na kuacha kipande cha mkondo wa zamani kikiwa ziwa. Maziwa mengi ya bonde la Rufiji yanahusiana na mikondo iliyoachwa. Kwa hiyo kilicho juu ya shamba lako si lazima kiwe ndicho kilicho chini.

Chimba shimo la kina cha mita moja, kata ukuta mmoja wima kwa panga, uache upepo uukaushe kidogo, kisha utazame. Katika udongo mwekundu wa milimani rangi hubadilika taratibu kutoka juu kwenda chini. Hapa utaona mistari: mkanda mweupe wa mchanga wenye unene wa vidole viwili, chini yake mkanda wa kahawia, kisha mkanda mweusi wenye vijitundu vya mizizi iliyooza. Huo mweusi ulikuwa uso wa shamba kabla ya mafuriko fulani kuufukia. Angalia pia mabaka ya rangi ya kutu kuzunguka vijitundu vya mizizi. Yanapoanzia ndipo maji ya ardhini yanapofika yakipanda. Ukiyakuta sentimita 30 tu kutoka juu, usipoteze miche ya mpapai hapo.

Matumizi yanafuata mpangilio huo. Tuta la kichanga linafaa miembe, mihogo na karanga, kwa sababu maji hayasimami. Mteremko wenye silti ndio sehemu bora ya bonde zima: mahindi, mboga, ufuta. Mweusi wa nyuma ni wa mpunga. Anayepanda mahindi kwenye ule mweusi kwa kuwa "ndio wenye rutuba" kwa kawaida huyapoteza kwa maji, si kwa njaa ya udongo.

Nitajuaje udongo wangu una mchanga kiasi gani na mfinyanzi kiasi gani bila kwenda maabara? (Mwanafunzi wa kilimo, Morogoro)

Tafuta chupa ya kioo au plastiki inayoonyesha ndani, yenye kuta zilizonyooka, ya lita moja. Chukua udongo kina cha sentimita 15, uanike kivulini, uponde mabonge, utoe mawe na mizizi. Jaza theluthi moja ya chupa, ongeza maji mpaka karibu na shingo, na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga. Funga, tikisa kwa nguvu dakika 10 kamili, weka juu ya meza isiyotikisika.

Baada ya dakika 1 weka alama juu ya tabaka lililokwisha tulia: huo ni mchanga. Baada ya saa 2 weka alama ya pili: kilichoongezeka ni silti. Baada ya saa 48 weka ya tatu: nyongeza ni mfinyanzi. Tabaka zote zikiwa sentimita 8, na mchanga ukawa 3.2, silti 3.2, mfinyanzi 1.6, una asilimia 40, 40 na 20. Huo ni tifutifu mzuri.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kutikisa dakika moja tu: vibonge vya mfinyanzi visivyovunjika hushuka pamoja na mchanga, na matokeo yanasema kichanga mahali ambapo si kichanga. La pili ni kuacha sabuni, kwa kuwa sabuni ndiyo inayozuia chembe za mfinyanzi kushikana tena. Kinachoelea juu kabisa ni mabaki ya majani, usikihesabu. Na kwa kuwa mfinyanzi uliolowa huvimba, kipimo hiki huuongezea kidogo. Kinatosha kwa kuamua upande nini, hakitoshi kwa tasnifu.

Nimepanda mahindi kwenye tope jipya baada ya maji kupungua. Yaliota vizuri, lakini yalipofika magotini majani ya chini yakaanza unjano kutoka nchani, ukaingia katikati ya jani. Baba alilima hapa hapa bila mbolea. Tope si mbolea tosha? (Mkulima, Ifakara)

Unjano unaoanzia nchani na kufuata mshipa wa kati wa majani ya chini ni upungufu wa naitrojeni. Ungekuwa wa kingo za jani, tungesema potasiamu. Zambarau kwenye miche michanga ingetupeleka kwenye fosforasi. Na naitrojeni ndiyo zawadi ndogo kuliko zote ambazo mafuriko huleta. Sifa za tope zimezidishwa hapa, tena kwa muda mrefu.

Piga hesabu. Tope la milimita 1 juu ya ekari moja ni mita za ujazo 4, yaani kama tani 5. Tope likiwa na naitrojeni asilimia 0.1, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa udongo wa shamba, zimeingia kilo 5 kwa ekari. Karibu zote zimefungwa ndani ya mabaki ya mimea na viumbe, na msimu wa kwanza zinaachiliwa kidogo tu. Magunia 10 ya mahindi, ya kilo 100 kila moja, yanaondoka na kilo kama 15 za naitrojeni kwenye punje peke yake. Potasiamu ni hadithi nyingine. Tope lenye asilimia 1 ya potasiamu limeleta kilo 50, ingawa nyingi iko ndani ya vipande vya madini na hutoka polepole, miaka kwa miaka.

Maji yaliyotuama yanaongeza hasara. Udongo ukifunikwa, hewa iliyomo inaisha kwa siku moja au mbili, na bakteria wanaobaki wanageukia naitreti (naitrojeni iliyo tayari kunyonywa na mimea) na kuigeuza gesi inayopotelea angani. Shamba linalotoka majini linaanza msimu likiwa karibu mikono mitupu kwa naitreti.

Basi rutuba ya bondeni inatoka wapi? Ina vyanzo vitatu, na cha kwanza ni mwamba. Udongo wa juu ya mlima umenyeshewa kwa maelfu ya miaka, kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zikasafishwa, kikabaki chuma na aluminiamu. Mto unachimba pia mahali pabichi, kwenye makorongo na maporomoko, ambapo madini hayajachakaa. Vipande hivyo vikifika bondeni vinaendelea kuoza na kulisha mimea. Bonde lenu linapokea maji kutoka Udzungwa upande mmoja na nyanda za Mahenge upande mwingine, na Kilombero ndiyo inayochangia kama asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji.

Cha pili ni aina ya mfinyanzi. Mfinyanzi mweusi unaovimba na kupasuka unashika virutubisho mara kumi au zaidi kuliko ule wa udongo mwekundu uliochakaa. Mbolea unayoweka haiondoki na mvua ya kwanza.

Cha tatu ndicho kikubwa, na ndicho kinachosahauliwa: unyevu. Udongo wa silti unaweza kuhifadhi milimita 150 hadi 200 za maji yanayofaa mimea kwa kila mita moja ya kina. Mchanga hauzidi sana 80. Mahindi yanahitaji milimita 450 hadi 600 kwa msimu. Shamba lililoloa mpaka mita moja na nusu limeweka akiba ya karibu nusu ya hitaji hilo, na maji ya ardhini yanapanda kuongezea. Ndiyo sababu kilimo cha mlau cha Rufiji, cha kupanda maji yanapopungua, kinavunwa katikati ya kiangazi bila mvua ya maana. Baba yako alikuwa analima akiba ya maji. Pengine pia alichanganya kunde na kuacha shamba lipumzike, na tungependa kujua alivuna magunia mangapi.

La kufanya sasa: kilo 25 za urea kwa ekari mahindi yakiwa magotini, na kilo 25 nyingine kabla ya kutoa mbelewele kama udongo bado una unyevu. Mfuko mzima wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 una mashina kama 18,000, hivyo kifuniko kimoja cha soda, kinachobeba gramu 5 hivi, kigawe kwa mashina matatu au manne. Chimba kijishimo cha sentimita 5, mbali na shina kwa upana wa vidole vinne, weka, funika. Urea iliyomwagwa juu ya udongo wenye joto na unyevu inaondoka kama amonia. Wengi wanaosema mbolea "imegoma" waliimwaga juu. Udongo ukiwa umekauka mpaka sentimita 15 chini, acha awamu ya pili. Mwakani tanguliza kunde au choroko kwenye kipande kimoja ulinganishe.

Tana ilipasua ukingo, ikaniachia mchanga unaofika nusu ya mguu juu ya shamba la migomba na mahindi. Majirani wananiambia nishukuru, ni rutuba. Mimi sioni. (Mama mkulima, karibu na Garsen)

Mama, macho yako yako sahihi. Ukingo ukipasuka, maji yanatoka na kasi ya mkondo, yanabeba hata mchanga mnene wa chini na kuumwaga kama upepeo uliofunguliwa. Hakuna rutuba ndani yake kwa miaka kadhaa.

Pima unene kwanza, sehemu kumi tofauti, kwa fimbo yenye alama, mpaka uguse udongo wa zamani (unajulikana kwa ugumu wake na mizizi). Usifikirie kuuondoa wote: sentimita 10 kwenye ekari moja ni mita za ujazo 400, zaidi ya tani 600, safari 60 za lori la tani 10. Penye chini ya sentimita 10, lima kwa kina mpaka mchanga uchanganyike na udongo wa chini. Kwenye mfinyanzi mzito unaweza hata kuwa umeusaidia. Penye sentimita 10 hadi 20, jembe la mkono halifiki. Linahitajika trekta lenye jembe la sahani linalogeuza udongo wa chini kuja juu. Ukilima juu juu tu umebaki na shamba la mchanga.

Zaidi ya hapo, panda kwenye mashimo. Chimba mpaka uguse udongo wa zamani, toa mchanga pembeni, jaza ndoo moja ya samadi iliyooza iliyochanganywa na udongo wa chini, upande matikiti, maboga au viazi vitamu. Mihogo na karanga zinavumilia kichanga hata bila mashimo. Migomba iliyofukiwa shina, ifukue mpaka usawa wa zamani, kwa kuwa ikiachwa huoza shingoni, na chipukizi hutoka zikiwa dhaifu.

Bwawa la Mwalimu Nyerere likishazuia tope, mashamba ya chini yatakufa? (Msomaji, Kibiti)

Hayatakufa, lakini yatabadilika, na si kwa namna inayozungumzwa. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022. Maji yakiingia kwenye ziwa lake yanasimama, na kwa hesabu ile ile ya kushuka kwa chembe, mchanga wote na sehemu kubwa ya silti vinabaki humo. Maji yanayotoka kwenye mitambo ni meupe na yana nguvu isiyo na mzigo, hivyo yanachimba kitanda cha mto na kingo zilizo chini. Anayelima kwenye ukingo wa nje wa kona ajiandae kupoteza ardhi.

Misri iliyapitia haya baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970. Karibu tope lote la Naili, lililotoka zaidi nyanda za Ethiopia zenye miamba ya volkano, likabaki nyuma ya ukuta. Wakulima wa deltani hawakuacha kulima, ila mbolea ya dukani ikawa lazima, na ufukwe wa bahari ukaanza kuliwa. Kenya nayo, tangu bwawa la Masinga kwenye mto Tana lilipokamilika mwaka 1981, wanaolima kando ya Tana ya chini wanategemea mafuriko ambayo ratiba yake haiko tena mikononi mwa mvua peke yake.

Potasiamu na kalsiamu za udongo ulioko Kibiti haziishi kwa miaka michache. Kitakachokosekana mapema ni ule unyevu. Mwaka ambao mto hautoki kwenye kingo, hakuna mlau. Na tusiseme mafuriko yamekwisha: Aprili 2024 maji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, bwawa likiwepo. Hali ngumu kwa mkulima ni hiyo, kutojua maji yatakuja mwaka gani. Kwa maoni yetu, tarehe na kiasi cha maji yatakayofunguliwa vinapaswa kufika kijijini kabla ya mbegu kuingia ardhini. Hilo lina faida kuliko mjadala wa tope.

Nanunua udongo mweusi wa bonde la Msimbazi kwa ajili ya maua na mchicha wa kwenye ndoo. Ni mzuri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa maua, ndiyo: sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga, moja ya mboji. Kwa mchicha, hapana. Mto hubeba chochote kilichoko juu yake, na juu ya Msimbazi kuna gereji, viwanda na vyoo. Metali nzito hushikwa na mfinyanzi, na mboga za majani ni hodari wa kuzinyonya. Kupika hakuziondoi.

Huku deltani tope ni jingi na jeusi kuliko popote. Mbona mpunga uliopandwa palipokuwa na mikoko unastawi miaka michache kisha unadumaa? (Mkulima, delta ya Rufiji)

Mikoko kwanza: ni hifadhi ya misitu, na kuikata bila kibali ni kosa. Tunajibu kwa ajili ya mashamba yaliyokwisha funguliwa.

Mfinyanzi ambao ungechukua saa nyingi kushuka kwenye maji baridi, ukikutana na chumvi ya bahari chembe zake zinashikana na kuwa mabonge yanayozama upesi. Ndiyo maana delta ina tope jingi hivyo. Lakini tope hilo lina chuma kutoka mtoni, salfeti kutoka baharini, na mizizi ya mikoko inayooza bila hewa. Mchanganyiko huo hutengeneza madini ya chuma na salfa. Yakiwa chini ya maji hayadhuru kitu. Ukichimba mfereji na kuyaanika, hewa inaingia, salfa inageuka asidi, na pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) inaweza kushuka chini ya 4. Hapo aluminiamu inayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mpunga unadumaa hata ukiuwekea mbolea. Chumvi nayo hupanda miaka ambayo maji baridi ya mto ni haba, na magugu hujaa. Usiitupie asidi lawama zote kabla ya kupima.

Chukua udongo wa kina cha sentimita 20, 50 na 80. Upime pH siku hiyo hiyo kwa karatasi ya kupimia asidi: kijiko kimoja cha udongo kwa vijiko viwili na nusu vya maji ya mvua. Kisha utandaze ndani ya mifuko iliyo wazi, unene wa sentimita 1, uwe na unyevunyevu bila kulowa, kwa wiki 8. Pima tena. Ikishuka chini ya 4, tatizo liko kwenye kina hicho, na chokaa ya kulitibu ni tani nyingi kwa ekari, gharama isiyolipika kwa mpunga. Dalili za macho ni mabaka ya njano iliyopauka kwenye nyufa, na maji ya mferejini yenye utando wa rangi ya kutu. Palipo hivyo, usiongeze kina cha mfereji. Ziba ulioko, shamba libaki na maji mpaka karibu na mavuno, na lima juu juu tu, sentimita 10 hivi, ili tope la chini lisiguswe na hewa.